Seti ya Maundy: anza na peni tatu

Ukiniletea seti ya sarafu za Maundy, macho yangu hayaendi kwanza kwenye ile kubwa ya peni nne. Naishika ya peni tatu.

Hizi ni sarafu za fedha ambazo mfalme au malkia wa Uingereza huwagawia wazee kila Alhamisi Kuu. Idadi yao hufuata umri wa mtawala: mwaka 2016, Malkia Elizabeth akikaribia kutimiza miaka 90, walipewa wanaume 90 na wanawake 90. Seti ina sarafu nne, za peni moja, mbili, tatu na nne. Ile ya peni moja haifiki hata nusu gramu; ukiiweka kiganjani huisikii. Tangu 1822 upande wa nyuma umebaki uleule: tarakimu chini ya taji, ndani ya shada la majani.

Tatizo ni kwamba kuanzia 1845 hadi 1926, peni tatu ya kununulia vitu dukani nayo ilipigwa kwa sura hiyohiyo. Basi ya Maundy ikipotea, mtu huziba pengo kwa ile ya dukani.

Nami nimeshaumia hapo. Muuzaji mmoja aliniuzia seti ya 1888 kama seti kamili ya asili. Nyumbani, chini ya lenzi, sarafu tatu zilikuwa na uso wa kung'aa kama kioo na herufi zenye kingo kali. Ya peni tatu ilikuwa imefifia, herufi butu. Tena rangi ilikataa: sarafu zilizolala kikasha kimoja zaidi ya miaka mia hugeuka rangi pamoja, na hizo tatu zilikuwa na wingu moja la buluu na kahawia. Ile ya peni tatu ilikuwa ya kijivu.

Ndiyo maana nakusihi usizisugue kamwe. Ule weusi unaotaka kuuondoa ndio ushahidi wako.

Kama unaanza, tafuta za miaka ya George VI, mfalme wa Uingereza kuanzia 1936 hadi 1952. Wakati huo peni tatu ya fedha ya dukani ilishakuwa na sura nyingine. Ila za kabla ya 1947 zina fedha nusu tu. Mwaka huo zilirudishwa kwenye asilimia 92.5.

Ile ya 1888 niliitafutia peni tatu ya Maundy, nikaipata. Inapendeza, lakini kwenye kikasha nimeandika: "imeunganishwa".