Chakula "kamili" cha mbwa ni kipi hasa, na unakilinganisha vipi na kingine

Watu wa hapa Malindi wanaofuga mbwa wakianza kuongea habari ya chakula swali huwa ni moja tu, mfuko upi mzuri, na majibu yanakuja kwa majina ya kampuni, huyu anausifu ule mwekundu, yule anasema wake hakuugusa kabisa, mwengine anaapa kwamba hakuna kitu kinashinda ugali na dagaa. Yote sawa, lakini kuna jambo linatakiwa litangulie kabla ya kampuni, kabla ya bei, kabla ya ile picha ya paja la kuku iliyochorwa mbele ya mfuko, nalo ni kujua kama hicho chakula ni kamili au ni cha nyongeza. Hilo likishaeleweka mabishano mengi yanakufa yenyewe.

Chakula kamili ni kile ambacho mbwa akila hicho tu na maji, leo na kesho na mwaka mzima, hakosi kitu mwilini, yaani protini imo, mafuta yamo, madini na vitamini zimo, na kila kimoja kiko kwa kipimo chake kulingana na vengine. Cha nyongeza kimetengenezwa kwa kudhani mbwa ana chakula kingine cha kutegemea. Biskuti zote karibu ziko kundi hilo, vijiti vya kutafuna, nyama kavu, supu za kumwagia juu, na pia makopo kadhaa ambayo ukiyafungua unaona minofu mizuri kabisa na unajiambia hiki sasa ndo chakula, kumbe ni nyama na maji tu. Mbwa akikaa nayo peke yake miezi anaanza kupungukiwa, na kwa nje huenda usione haraka.

Maandishi yenyewe huwa nyuma ya mfuko, herufi ndogo, mara nyingi karibu na orodha ya viungo. Hapa kwetu bahati nzuri ni kwamba bidhaa nyengine zinakuja na lebo ya Kitaliano na Wamalindi wengi Kitaliano wanakisoma, basi ukiona "alimento completo" ndo hicho kamili, ukiona "alimento complementare" ujue ni cha nyongeza, na sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimisha waandike moja kati ya hayo mawili. Zinazotoka Marekani zina sentensi inayotaja AAFCO, ambacho ni chama cha maafisa wa huko wanaosimamia vyakula vya mifugo. AAFCO wenyewe hawapimi chakula wala hawakipigi muhuri, wao wameweka viwango tu, kampuni ndo inasema chakula chetu kimefikia. Na inaweza kusema hivo kwa njia mbili, ama imepiga hesabu ya virutubisho ikaona vinafika, ama imelisha mbwa kabisa. Jaribio la kulisha mbwa wazima linataka mbwa 8 kwa kuanzia, wiki 26 wakila chakula hicho hicho, wapimwe damu na uzito, na 6 angalau wafike mwisho. Si jaribio kubwa sana ukiangalia, ila mimi naliheshimu kuliko hesabu ya karatasi peke yake.

Halafu kamili kwa nani? Hapa watu wengi wanapita bila kusoma. Kuna kamili kwa mbwa mzima, kuna kamili kwa mtoto na mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na kuna kamili kwa umri wote. Kwa viwango vya AAFCO mbwa mzima anatakiwa apate protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta 5.5, mtoto protini 22.5 na mafuta 8.5, hesabu zote hizo maji yakiwa yametolewa. Kwa hiyo mfuko wa mbwa mzima hauwi kamili ukimpa mtoto wa miezi mitatu. Na kuna hatari ya upande wa pili ambayo naisisitiza kwa sababu German Shepherd ni wengi hapa, wanafugwa kulinda majumba kule Casuarina na mashambani huko njia ya Gede, watoto wa mbwa wakubwa namna hiyo, wale watakaofika kilo 32 na kupanda, kalsiamu ikizidi mifupa inakua vibaya, na ndo maana kiwango cha juu cha kalsiamu kwao kimewekwa asilimia 1.8 badala ya 2.5. Sasa mtu ananunua chakula kizuri cha mtoto, kamili, halafu anaongeza unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu ati mbwa apate miguu imara, hapo kile kilichokuwa sawa amekiharibu kwa mapenzi yake mwenyewe. Chakula kikishakuwa kamili kiache kilivyo.

Ukishahakikisha vyote viwili ni kamili na ni vya umri mmoja ndo sasa unaweza kulinganisha, na hapa ndo maji yanapotupoteza. Mama mmoja nilimkuta kwa agroveti ameshika kopo mkono huu na pakiti mkono ule anamwambia kijana wa duka, "Mwanangu, hii protini asilimia 9 na bei yake hii, hii nyengine 22, si bora nichukue hii ya 22?" Kijana akamjibu, "Kwa hesabu hiyo mama ni kweli." Na ukiangalia lebo hivi hivi utakubaliana nao wote wawili. Lakini hilo kopo lina maji asilimia 80, pakiti ile ya chakula kikavu ina maji 10. Ni kama kulinganisha kilo ya dagaa wabichi na kilo ya dagaa waliokauka jua. Unatoa maji kwanza: kopo likibaki bila maji ni sehemu 20, protini 9 kugawanya kwa 20 ni asilimia 45. Pakiti bila maji ni 90, 22 kugawanya kwa 90 ni 24 na kitu. Kwa hiyo kopo ndo lina protini nyingi, karibu mara mbili. Haimaanishi ni bora, manake mbwa mzima wa kulinda geti hahitaji 45, na pesa pia zinageuka ukihesabu hivo, kopo la gramu 400 lina gramu 80 tu za chakula chenyewe na lililobaki ni maji, kilo moja ya kile kikavu ina gramu 900. Bei linganisha kwa hayo, usilinganishe kopo kwa pakiti. Hesabu hiyo hiyo fanya kwa mafuta, na ukitaka kujua wanga, ambao aghalabu hauandikwi, toa kwenye mia protini, mafuta, maji, nyuzi na majivu (yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa), kinachobaki ndo wanga. Mfuko wa protini 22, mafuta 10, maji 10, nyuzi 4 na majivu 8 unabaki na 46, yaani karibu nusu ya mfuko ni nafaka na jamaa zake. Si sumu hiyo, mbwa anaumeng'enya wanga uliopikwa vizuri tu, ila ujue unanunua nini.

Na hiyo protini ya kwenye lebo usiichukulie kama nyama. Inapimwa kwa naitrojeni, wanapata naitrojeni wanazidisha kwa 6.25 basi wanaandika, hawaulizi imetoka kwenye nyama au kwenye manyoya ya kuku au kwenye kitu ambacho si chakula kabisa. Mwaka 2007 hilo liliua mbwa na paka Marekani, gluteni ya ngano, yaani protini ya ngano, iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili kipimo kionyeshe protini iko juu, wanyama wakaharibika mafigo, na mwezi wa tatu mwaka huo Menu Foods ambao walikuwa wakitengenezea kampuni nyingi kwa majina tofauti tofauti wakarudisha mamilioni ya makopo na pakiti. Ndo maana nasema angalia na orodha ya viungo, inapangwa kwa uzito kuanzia kikubwa. Ila na hapo maji yanaingilia tena, nyama mbichi inaandikwa ya kwanza kwa sababu ina maji yake, unga wa nyama uliokaushwa unaweza kuwa wa tatu na bado ndo unaoleta protini nyingi kuliko ile ya kwanza.

Jina la mbele nalo lina kanuni zake. Kwa Marekani kopo likiitwa nyama ya ng'ombe tu basi ng'ombe lazima awe asilimia 95 ukiacha maji ya kupikia, likiitwa mlo wa ng'ombe inatosha 25, likisema "yenye ng'ombe" inatosha 3, na likisema ladha ya ng'ombe hakuna asilimia yoyote inayodaiwa, bora ladha itambulike. Ulaya "yenye ng'ombe" ni 4. Soma hilo jina polepole, neno dogo moja linabadilisha mfuko mzima.

Ugali na dagaa je? Naulizwa sana na sitaki kumdharau mtu, mbwa wengi wa pwani wamekulia hapo. Kwa maana tuliyoieleza si kamili, lakini dagaa anapoliwa mzima na mifupa yake analeta kalsiamu, kwa hiyo huyo mbwa ana afadhali kuliko yule wa tajiri anayepewa ugali na nyama ya steki kila siku. Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, wakati mbwa anataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi hadi mara mbili, ikipungua mwili unaenda kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe, na mtoto wa mbwa anaanza kuchechemea, miguu inapinda, hata kuvunjika bila kuanguka. Anayepika nyumbani azungumze na daktari wa mifugo kuhusu madini na vitamini za kuongeza, na kitunguu asitie kabisa, kinaharibu damu ya mbwa hata kikiwa kimepikwa.

Biskuti na vitafunio sasa. Kwa kuwa ni vya nyongeza, kanuni wanayoitumia madaktari ni visipite asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa wa kilo 10 aliyehasiwa, mzima, asiyefanya kazi nzito anahitaji kama kalori 600 na kidogo, basi vitafunio vyote pamoja ni 60. Biskuti moja ya saizi ya kati inaweza kubeba 40, kwa hiyo ya pili tayari umepita. Na hamri, ambalo mbwa wa nyumba nyingi hapa hulipata asubuhi chai ikinyweka, linapita peke yake, lina mafuta lina sukari. Ukilinganisha biskuti na biskuti usihangaike sana na protini, angalia kalori kwa kipande, halafu tafuta kama imetiwa xylitol, hiyo sukari ya kutengeneza inapatikana zaidi kwenye bidhaa za watu, kwa mbwa inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuua ini. Chokoleti na zabibu pia weka mbali, kavu na mbichi.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kununua kwa kupima. Nawaelewa wanaonunua hivo, gunia la kilo 20 ni pesa nyingi kwa mara moja, unaenda dukani unapimiwa kilo mbili kwenye kaki unarudi nyumbani. Lakini lebo imebaki dukani, hujui ni cha mtoto au cha mzima, hujui tarehe, wala hujui gunia limekaa wazi toka lini. Na joto la Malindi na unyevu wake, hasa miezi ya masika, vinafanya mafuta ya kile chakula kuchacha na vitamini kupungua, na mahindi yaliyomo yakishika unyevu yanaota kuvu. Sumukuvu, hiyo sumu inayotoka kwenye kuvu, sisi Wakenya hatuhitaji kuelezewa, mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia Ukambani kwa mahindi, na mbwa ni dhaifu zaidi kwa sumu hiyo, mwisho wa 2020 Marekani kampuni moja ilirudisha chakula kikavu chenye mahindi baada ya mbwa wengi kufa. Kuichemsha haisaidii, sumu inastahimili moto.

Kwa hiyo ukipimiwa, mwambie muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe, piga picha nyuma yake kwa simu, maandishi ya kamili, umri, maji, protini, mafuta, kalori na tarehe, halafu chagua duka ambalo gunia linafungwa kila baada ya kupima. Nyumbani kitie kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pasipopigwa jua, nunua cha wiki mbili tatu usizidishe, na ndoo ikiisha ioshe mafuta ya chini uikaushe kabisa kabla ya kumimina kengine. Harufu ikibadilika, au punje zikiwa na unyevu na vumbi la kijani, usimpe hata kuku.