Kura Huhesabiwa Darasani, si Nairobi

Kila ninapofika kwenye mada ya uchaguzi na kidato cha tatu, mkono mmoja huinuka nyuma ya darasa: "Mwalimu, si kompyuta ndiyo hujua nani ameshinda?" Huwa simjibu mara moja. Namwambia kwanza alitazame dawati lake, kwa sababu katika uchaguzi wetu wa Kenya kura huhesabiwa juu ya madawati kama hilo, katika madarasa kama hili.

"Kompyuta ndiyo huhesabu kura"

Ile mashine ya karani, KIEMS, asubuhi ina kazi moja: kusoma alama ya kidole chako na kuthibitisha kwamba umo kwenye sajili. Kura yenyewe ni karatasi, tena karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Kila moja ina rangi yake na debe lake.

Kituo kikishafungwa, madebe hayaendi popote. Kabla ya 2002 yalisafirishwa hadi ukumbi wa kuhesabia, na njiani ndiko shaka zilikozaliwa. Siku hizi msimamizi wa kituo hukata lakiri papo hapo na kuanza na kura za rais. Huokota karatasi moja, akasoma jina kwa sauti, akaigeuza mawakala wa wagombea waione, ndipo ikawekwa kwenye fungu lake. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Wakala asiporidhika hupinga hapo hapo, na pingamizi lake huandikwa. Usiku wa manane chai imepoa, watu wanasinzia wakiwa wima, na bado kuna madebe ya kufungua.

Hesabu ya rais ikiisha hujazwa Fomu 34A. Mawakala husaini na kupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni, na KIEMS sasa hutumika kupiga fomu hiyo picha na kuituma. Basi mashine hutuma tu. Kuhesabu wamehesabu watu. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ikiwa Nairobi huhakiki na kujumlisha, lakini haina ruhusa ya kubadili tarakimu iliyotoka kituoni.

Mwaka 2022 picha za fomu hizo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa mtandaoni kila mtu azione. Mnakumbuka runinga moja ikionyesha huyu anaongoza na nyingine ikionyesha yule? Wengi walipiga kelele za wizi. Kumbe kila chumba cha habari kilikuwa kinajumlisha fomu kwa mpangilio wake, huyu akianza na ngome ya mmoja, yule na ngome ya mwingine.

"Mwenye kura nyingi ndiye rais"

Kwa gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wadi, ndiyo: hata ukimshinda mwenzako kwa kura moja umepita. Rais ana mzigo mzito zaidi. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na juu ya hapo apate angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Sharti hili la pili ndilo humfanya mgombea apande helikopta kwenda kaunti ambayo anajua fika hatashinda.

Akikosekana wa kutimiza yote mawili, wawili wa mbele hurudi debeni ndani ya siku 30. Hatujawahi kufika huko, ila tumepita karibu sana. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, kama kura 8,400 tu juu ya nusu. William Ruto mwaka 2022 alipata asilimia 50.49.

Hapo ndipo kura zilizoharibika zilipozua kesi. Je, karatasi iliyowekwa alama kwa wagombea wawili ni sehemu ya "kura zote"? Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba la, asilimia hupigwa kwa kura halali peke yake. Kwa hiyo anayeharibu kura kusudi ili "kuwapunguzia" wakubwa hampunguzii mtu.

"Akishatangazwa, mambo yamekwisha"

Mlalamishi ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, nayo mahakama ina siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 ilifuta uchaguzi wa rais, na jambo kubwa lililoiangusha IEBC lilikuwa jinsi matokeo yalivyotumwa na kuhakikiwa. Malawi ikafuata mkondo huo 2020. Kufutwa, hata hivyo, hakumpi mlalamishi kiti: watu hurudi kwenye foleni, kama walivyorudi Oktoba 2017, ambapo mlalamishi mwenyewe, Raila Odinga, alisusia.

"Chama ni cha mwenyewe"

Hapa, niseme ukweli, wanafunzi hawajakosea sana. Narc 2002, PNU 2007, TNA 2013, Jubilee 2017, UDA 2022: kila uchaguzi mshindi alikuja na gari jipya. Lakini kisheria chama hakina mwenyewe. Ili kisajiliwe kikamilifu kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote, na kina katiba yake. Mbunge akihama chama kilichomdhamini, kiti huenda. Anayekerwa na kura za mchujo anaweza kuwania kama mgombea huru, mradi awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

"Mbunge wetu hajaleta hata barabara"

Barabara za kaunti, zahanati na chekechea ziko chini ya gavana. Bajeti yake hupitishwa na wawakilishi wadi, wale ambao hakuna anayekumbuka jina lao. Mbunge hutunga sheria na kuichunguza serikali kuu. Tena Kenya hawezi kuwa waziri huku akishikilia kiti, tofauti na Tanzania, ambako mawaziri hutoka bungeni. Hili huwachanganya sana wanaofuatilia Bunge la Dodoma runingani.

"Nikipata kitambulisho, tayari ni mpiga kura"

Kitambulisho hukupa haki ya kwenda kujisajili, basi. Usajili hukufunga kwenye kituo kimoja: ukijiandikisha Kisumu ukiwa chuoni kisha siku ya kura uko nyumbani Kilifi, mashine ya Kilifi haitakutambua, hata ukiwa na kitambulisho mkononi. Uhamisho huombwa mapema, kabla sajili haijafungwa.