Injini ya gari ikishuka ziwani

Huja mtu hapa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, na injini ya daladala juu ya mkokoteni, ananiuliza: "Fundi, hii itasukuma boti ya dagaa?" Itasukuma. Ninachotaka kujua mimi ni kwa misimu mingapi.

Gari likipanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda mtaa wa Mwanga, injini inaumia dakika chache, kisha inafika tambarare na kupumua. Boti haina tambarare wala mteremko. Ukipunguza mafuta tu, maji yanaishika. Ukitoka hapa hadi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, injini iko mlimani safari nzima. Karibu kila ninachobadilisha kinatokana na hilo. Injini ya dizeli iliyoandikwa mizunguko 4,000 kwa dakika, mimi naifanyisha kazi kwenye 2,800 hivi, basi.

Tuanze na joto. Rejeta hutegemea upepo, na chini ya sitaha hakuna upepo. Wengine huvuta maji ya ziwa na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku. Mimi sifanyi hivyo. Ni kweli Tanganyika si maji ya chumvi, chuma hakiliwi kama kwa wenzetu wa Tanga, lakini maji haya yana madini mengi. Yakipashwa moto kila siku yanaacha ukoko, kama ule wa ndani ya birika, na njia za maji kwenye silinda hedi ni nyembamba. Tena ukiegesha ufukweni pampu inameza mchanga. Ninachofunga ni mabomba ya kopa nje ya boti, sambamba na mkuku, ule uti wa chini wa boti, ili injini izungushe maji yake yenyewe yaliyochanganywa na kulenti, dawa ya rejeta. Maji ya juu ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo urefu wa bomba uliopimiwa nchi za baridi hautoshi hapa. Thamostati, ile vali inayotunza joto la injini, ibaki mahali pake. Injini inayofanya kazi ya baridi nayo inakufa, polepole tu.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye giaboksi. Boti yangu ya kwanza niliiachia giaboksi ya gari, nikaunga shafti ya pangaboi moja kwa moja. Nilisahau kwamba pangaboi haizunguki tu: inasukuma. Nguvu yote inayoipeleka boti mbele inarudi kwenye shafti na kugandamiza kilicho nyuma yake, na beringi za giaboksi ya gari hazikuundwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Zilisagika, tukarudi kwa kasia usiku. Tangu hapo nafunga giaboksi ya boti yenye beringi ya msukumo, inayopunguza mizunguko kwa nusu, na yenye rivasi ya kuaminika.

Petroli sipendi kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari unadondoka barabarani na kupotea. Kwenye boti unakusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na starta ya gari hutoa cheche. Abiria wamekaa juu yake. Naomba mtu aniletee dizeli, hata ikiwa imechoka.

Eksozi nayo isiguse mbao: naizungushia kitambaa kisichoshika moto na kuipandisha juu, mawimbi ya kusi yasirudi ndani.

Mwisho ni pangaboi, na hapa ndipo wengi hunikimbia. Boti ipakiwe mzigo wake kamili, tutoke nje ya ghuba, tufungue mafuta yote. Injini ya 4,000 ikigoma kwenye 3,000 huku ikitoa moshi mweusi, pangaboi ni kubwa mno. Hata ukipunguza mwendo, itakuwa imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko unaostahili mwendo huo. Tunairudisha nchi kavu, napunguza panga za pangaboi, tunajaribu tena. Kuna boti niliyoirudisha mara 3.

Ndiyo maana kazi hii naipokea siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika. Giza likirudi, kila mtu anataka boti yake majini na taa ziwashwe, na hakuna anayekubali nimpunguzie panga.