Diski ikianza kusumbua, inakili kwanza

Kompyuta ikiganda kila unapofungua folda fulani, au ikikutaka uiumbize upya (format) diski ambayo jana ilikuwa na mafaili yako, kataa, kisha izime. Kuiwashawasha ili uone kama itakubali ndiko kunakoimaliza.

Diski ya sahani (HDD) inapozunguka hutoa mvumo mmoja tulivu. Ikigonga tak, tak, tak kwa mpangilio, au ikikwaruza, shuku vichwa vya kusomea. Vichwa hivi huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu. Kimoja kikigusa sahani, hukwangua tabaka la sumaku lililobeba data, na kilichokwanguliwa hakirudi. Badilisha kebo na tundu la USB mara moja tu, kwa sababu diski ya inchi 2.5 isiyopata umeme wa kutosha nayo hugonga. Mlio ukiendelea, ipeleke kwa fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue, wala usiiweke kwenye friza kama watu wanavyoshauriana: ikitoka huko, unyevu hutanda juu ya sahani.

Kama inazunguka vizuri na kompyuta inaitambua, kazi unaiweza. Tafuta diski nyingine nzima, yenye nafasi tupu kubwa kuliko ukubwa wote wa ile mbovu, kwa sababu utanakili diski yote, si mafaili tu. Diski ya GB 500 hutoa faili moja la GB 500, hata kama ndani mna picha za GB 40 tu. Hiyo ya kupokea isiwe na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4.

Washa kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi) iliyo kwenye flashi, usiifungue diski mbovu kwenye kidirisha cha mafaili, kisha kwenye dirisha la amri andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, uone jina lake. Hapa tulia usome mara mbili: ukigeuza chanzo na mahali pa kupokelea, utafuta kile unachotaka kuokoa. Tuseme diski mbovu ni sdb, na uko ndani ya folda ya diski ya kupokea. Tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Amri hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na kuziruka zinazogoma. Faili la nakala.map huandika kilichopatikana na kilichobaki, kwa hiyo umeme ukikatika unarudia amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Likipotea, unaanza upya kwenye diski iliyochoka zaidi. Baada ya hapo, zirudie sekta sugu, yaani vipande vya diski vilivyogoma kusomeka:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Tarakimu 3 ni idadi ya marudio. Diski ikipata moto sana au ikianza kugonga, simamisha kwa Ctrl na C.

Sasa chomoa diski mbovu, fanya kazi kwenye nakala.img. Programu ya TestDisk hutafuta mgawanyo wa diski (partition) uliopotea na kuonyesha mafaili kwa majina yake, kwa hiyo anza na hiyo. Ikishindwa, tumia PhotoRec, ambayo haijali folda: hutafuta alama za mwanzo wa faili, mfano baiti FF D8 FF za picha ya JPEG. Majina hupotea, na faili lililotawanyika vipande vipande linaweza kutoka limekatika.

Chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski, iache kabisa kabla ya kunakili. Imetengenezwa kuuweka sawa mfumo wa mafaili, si kuokoa yaliyomo, na huandika kwenye diski ileile inayoumwa. Ikishindwa kusoma sehemu ya jedwali la mafaili, inaweza kufuta viungo vya folda zilizokuwa salama.

Diski ya SSD, inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mlio. Mara nyingi hutoweka tu kwenye orodha. Mafaili uliyoyafuta kwenye SSD ni vigumu zaidi kuyapata, kwa kuwa mfumo hutuma amri ya TRIM, inayoiambia diski kuwa nafasi za mafaili hayo hazihitajiki tena, na diski husafisha nafasi hizo yenyewe, hata usipoandika chochote kipya. Iondolee umeme mara tu unapogundua kosa.