Pesa ya mwezini na kipima mvua cha Kalehe

Kila mvua kubwa inapoporomosha udongo wa Kadutu au wa kando ya ziwa, watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huuliza: kwa nini mataifa tajiri yanarudi mwezini wakati sisi tunafukuliwa kwenye matope? Swali ni la haki. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikadiria kwamba kila safari moja kati ya nne za kwanza za Artemis, mpango wa kurudi mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza mpango wa kuufikishia ulimwengu mzima tahadhari za mapema za majanga ya hali ya hewa, kwa dola bilioni 3.1 katika miaka mitano. Yaani safari moja inauzidi kwa gharama mpango wote huo.

Lakini tusijidanganye kwamba roketi ikizuiwa, pesa yake itashuka Kivu. Bajeti ile hupitishwa na wabunge wa Marekani, nao wana wapiga kura wao. Mizani ya kuangalia ni nyingine, iliyo ndani ya pesa ya anga yenyewe. Mwaka 2024 NASA ilipata karibu dola bilioni 25, na kitengo chake kinachochunguza dunia kikapata kama bilioni 2.2, chini ya sehemu moja kwa kumi. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotufaa sisi. Picha za dunia za satelaiti za Marekani, Landsat, ni za bure tangu 2008, na zile za Sentinel za Ulaya vilevile. Mtu mwenye kompyuta na intaneti hapa Bukavu anazipata bila kumlipa mtu.

Basi tatizo liko wapi? Tazama Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi ya soko Nyamukubi, mito iliyojaa mawe ilifagia Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mwaka huohuo watafiti wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yaliizidisha mvua ile. Walishindwa kutoa jibu. Vituo vya kupima mvua kuzunguka Ziwa Kivu vilikuwa vichache mno, na takwimu za satelaiti zilipishana zenyewe kwa zenyewe. Hilo si jambo la wasomi peke yao. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwafidia walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulianza Dubai mwishoni mwa 2023 kwa ahadi za takriban dola milioni 700 kwa nchi zote maskini; anayekwenda kugombania fungu pale bila vipimo anakwenda mikono mitupu.

Satelaiti inakosea kwa sababu zinazoeleweka. Meteosat, satelaiti ya Ulaya ya hali ya hewa, iko kilomita 36,000 juu ya ikweta na hupiga picha kila baada ya dakika 10 hadi 15, lakini inachokiona ni mgongo wa wingu na baridi yake, si matone. Wingu refu na baridi huhesabiwa kuwa la mvua kubwa. Kumbe wingu linalosukumwa na mlima linaweza kumwaga maji mengi kabla halijapanda sana, na mvua hiyo huandikwa pungufu. Kisha kuna ukubwa wa mraba mmoja wa takwimu: katika IMERG, makadirio ya mvua ya NASA yanayotokana na satelaiti, ni kama kilomita 11 kwa 11. Upande wa Kalehe, mraba mmoja unaweza kubeba ziwa, ufuko na mlima kwa pamoja. Bonde lililoua watu halionekani humo.

Dawa yake ni kipimo cha chini, na si kitu cha ajabu. Chombo chenye mdomo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 16 hukusanya mililita 20 kwa kila milimita moja ya mvua, kwa hiyo serinji ya mililita 20 inatosha kupimia. Kifunge kwenye nguzo, mdomo ukiwa mlalo kabisa, mita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini. Nyumba au mti wa mita 5 ukae angalau mita 10 mbali nacho. Soma kila siku saa mbili asubuhi, andika, mwaga.

Kinachoharibu kazi ni vitu vidogo: majani kuziba mdomo, upepo kupitisha matone pembeni, mbuzi kusukuma nguzo. Kibaya kuliko vyote ni sifuri ya uongo. Msomaji akienda msibani siku tatu, akirudi akajaza 0, 0, 0, ukame wa kubuni umeingia kwenye rekodi, na hakuna kompyuta itakayoutoa. Siku isiyosomwa huwekewa kistari. Na kama maji ya siku tatu yamekutwa pamoja, andika hivyohivyo: jumla ya siku tatu.

Wapo wanaotamani Kongo iwe na satelaiti yake, na tamaa hiyo ina historia: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka Shaba, jina la Katanga wakati huo. Kwa maoni yetu zamu hiyo haijafika. Angola ilipoteza mawasiliano na AngoSat-1 muda mfupi baada ya kurushwa Desemba 2017. Kabla ya hapo kuna vipima mvua, mishahara ya wasomaji wake, na umeme wa uhakika kwa ofisi za METTELSAT, shirika la hali ya hewa la Kongo.

Wastani wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30, kwa hiyo daftari lazima liishi kuliko anayeliandika. Tumia kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka maji yakiingia. Mwisho wa mwezi piga picha kila ukurasa kwa simu, nakala moja iende METTELSAT, nyingine ibaki shuleni au parokiani, kwenye jengo lililo mbali na mto.