Je, wajua kwa nini dawa ya presha hufunga mlango wa kalsiamu na moyo hausimami?

Watu wakiambiwa kidonge chao cha presha "kinazuia kalsiamu", wengi hukimbilia kuacha maziwa, na dagaa wakaishia kwa paka. Hakuna haja. Kalsiamu ya chakula huingia mwilini kama kawaida, mifupa hupata haki yake, na kiwango kilichomo kwenye damu hulindwa na homoni. Amlodipini, verapamili na dawa nyingine za ukoo huo hufunga mlango tu, nao uko kwenye utando wa seli, mdogo kupita kiasi.

Kwamba moyo unaihitaji kalsiamu kulijulikana karibu kwa bahati. Mnamo 1882, huko London, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa kifuani na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Ukaendelea kupiga vizuri. Baadaye akagundua kwamba maji yale yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, kama yale fundi anayotia kwenye betri ya gari, moyo ulilegea hadi ukanyamaza. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu ndani yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuendesha. Mwaka 1883 alichapisha maelezo mapya kusahihisha yale ya kwanza, jambo ambalo si kila mtaalamu angekuwa na moyo wa kulifanya.

Sasa tuingie ndani ya seli. Moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo, kalsiamu iliyo nje ya seli ni karibu mara 10,000 ya ile inayoelea ndani. Wimbi la umeme likipita, milango ya utando hufunguka na kalsiamu kidogo huingia. Hiyo peke yake haitoshi kuukaza msuli. Kazi yake ni ya kiberiti: huchokoza ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli yenyewe, nalo humwaga nyingi zaidi. Kalsiamu hii hushika protini iitwayo troponini, nyuzi za aktini na miosini zikapata nafasi ya kuvutana, na msuli ukajikaza. Kisha pampu huirudisha ghalani, nyingine ikatolewa nje, msuli ukalegea. Yote hayo hayafiki sekunde moja, na kwa siku hurudiwa mara 100,000 hivi.

Dawa ikikaa mlangoni, kiberiti kinakuwa hafifu, ghala linamwaga kidogo, pigo linapungua nguvu na moyo unatumia oksijeni kidogo. Hausimami kwa sababu dozi ya kawaida hufunga sehemu tu ya milango. Kumeza vidonge vingi kwa mpigo ni habari nyingine kabisa: kunaua.

Katika miaka ya 1960, Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, aliona kwamba moyo uliopewa verapamili unafanana na moyo wa Ringer ulionyimwa kalsiamu, ingawa kalsiamu ipo palepale. Akiiongeza, nguvu zinarudi.

Basi mbona mikono hailegei? Msuli wa mkono nao una milango ya jamii hiyohiyo, lakini pale protini ya mlangoni imegusana na ghala moja kwa moja. Umeme ukiitikisa, ghala linafunguka hata kama hakuna kalsiamu iliyoingia kutoka nje. Ndiyo maana aliyemeza dawa asubuhi anabeba ndoo yake ya maji bila shida.

Tofauti nyingine iko kati ya dawa zenyewe. Verapamili hupenya mlango ukiwa wazi, kwa hiyo kadiri moyo unavyokwenda mbio ndivyo dawa inavyoubana zaidi. Zaidi ya hapo, seli zinazoanzisha na kupitisha mapigo hutegemea kalsiamu kwa cheche yao yenyewe, kwa hiyo mapigo hupungua kasi. Amlodipini hupendelea milango iliyosinzia, yaani iliyojifunga kwa muda isiitikie umeme, ambayo ni mingi zaidi kwenye kuta za mishipa ya damu, kwa kuwa chaji ya seli za huko ni karibu milivolti 50 chini ya sifuri, wakati msuli wa moyo hutulia karibu na 85 chini ya sifuri. Mishipa inatanuka, presha inashuka, moyo hauguswi sana. Vifundo vya miguu huweza kuvimba, kwa sababu ateri ndogo zimefunguka na vena ndogo hazikufunguka, majimaji yakavuja. Anayetumia verapamili hulalamikia zaidi kufunga choo: utumbo nao ni msuli wenye milango hiyo.

Kama kuna cha kuchunga mezani, ni balungi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Kanada walitumia maji ya tunda hilo kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa nyingine ya ukoo huo, wakakuta dawa imepanda kwenye damu mara kadhaa. Balungi hulemaza kimeng'enya cha utumbo ambacho kwa kawaida huharibu sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Felodipini, nifedipini na verapamili huathirika. Amlodipini kidogo sana.