Ihelele, Cairo na gharama ya kuwa na msimamo

Kila ninapoanza mada ya sera ya mambo ya nje, wanafunzi wangu hapa Mwanza hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaoitamani nchi ya enzi za Mwalimu, iliyosimama na wanyonge bila kujali nani kakasirika. Na wapo wanaosema dunia ya leo ni biashara, msimamo haujazi tumbo, tuangalie nani anatujengea reli na nani ananunua sangara wetu. Mimi naamini kambi zote mbili zimekosea swali, na mfano wangu mkubwa hauko New York wala Addis Ababa. Uko Ihelele, wilayani Misungwi.

Hapo ukingoni mwa Ziwa Victoria kuna mtambo wa kuvuta maji. Yakishasafishwa husukumwa hadi kwenye tangi juu ya vilima vya Mabale, kisha huteremka kwa mabomba kwenda Kahama na Shinyanga, na baadaye yakapelekwa mpaka Tabora. Mradi ulizinduliwa 2009. Anayeijua Shinyanga ya kabla ya hapo, ya ndoo za maji ya malambo na ya mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, hahitaji kuelezwa maana yake. Lakini kwa wanasheria wa Cairo, bomba lile liligusa mkataba.

Mkataba wenyewe ni wa Mei 1929, kati ya Misri na Uingereza. Ulisema kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake au maziwa inakotoka, itakayopunguza maji ya Misri, bila kukubaliana na serikali ya Misri kwanza. Ziwa letu limo, maana Nile inatoka ziwani hapo Jinja, Uganda. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mto wenyewe kwa wenyewe: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Tanganyika, Uganda, Kenya, Ethiopia, hakuna aliyetengewa hata tone.

Sasa tazama alivyofanya Nyerere, maana hapa ndipo somo lilipo. Tulipopata uhuru Desemba 1961 hakuichana mikataba yote ya mkoloni, wala hakuirithi yote. Alitangaza kwamba mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kutumika kwa miaka miwili. Ndani ya muda huo tutazungumza na kila mhusika, na usiokubaliwa upya utakufa wenyewe, ila ile ambayo sheria ya kimataifa ingeibakiza. Wanasheria wa kimataifa wanauita huu Msimamo wa Nyerere mpaka leo, na nchi nyingine kadhaa zilizopata uhuru baadaye ziliufuata. Kuhusu Nile, Julai 1962 serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 haulifungi taifa huru la Tanganyika. Barua hiyohiyo ilisema tuko tayari kukaa na wenzetu na kutafuta utaratibu wa haki wa kutumia maji haya.

Misri haikukubali. Hata hivyo hatukukimbilia kuchimba mitaro ili kuthibitisha ubabe wetu. Ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla ya ujenzi wa Ihelele kuanza, na ulipoanza tulilipa gharama ambayo watu wengi hawaijui. Kwa sera yake kuhusu mito ya kimataifa, Benki ya Dunia haikopeshi mradi wa namna hii kabla nchi nyingine za bonde hazijaarifiwa na kupewa nafasi ya kutoa hoja zao. Serikali ikaujenga kwa fedha za ndani. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kweli cha msimamo wa nchi: je, uko tayari kuulipia kwa mfuko wako?

Na hofu ya Misri, ukiitazama kwa hesabu, si hofu ya maji ya Ihelele. Mtambo ulisanifiwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Kwa mwaka ni kama milioni 29, yaani karibu nusu ya sehemu moja katika elfu ya zile bilioni 55.5. Tena maji mengi yanayofika Misri, takriban asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Cairo ilichoogopa ni kuzoeleka: leo bomba la Shinyanga, kesho bwawa la mwingine. Mjumbe wa mazungumzo anayelielewa hilo hapotezi muda kubishana kuhusu lita. Anazungumza kuhusu utaratibu.

Ndiyo maana tuliendelea kukaa nao mezani. Mpango wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam, Februari 1999, Misri ikiwemo. Mei 2010 tukasaini Entebbe mkataba mpya wa bonde pamoja na Ethiopia, Uganda na Rwanda. Misri na Sudan zikagoma kwa sababu ya kifungu kimoja kuhusu usalama wa maji, ambacho Misri ilitaka kilinde matumizi na haki zake za sasa. Bunge letu liliuridhia 2015, na Oktoba 2024 ukaanza kutumika. Katikati ya mvutano huohuo, Desemba 2018, kampuni mbili za Misri zilisaini mkataba wa kutujengea bwawa la umeme la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji. Bwawa lina jina la Julius Nyerere. Wapo walioona ni unafiki. Mimi naona ni ukomavu: Rufiji haiko kwenye bonde la Nile, tulihitaji umeme, na hatukuachia hata nukta moja ya kile tulichoandika 1962.

Mwaka 1965 tulikuwa wakali zaidi. Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, Mwalimu akaukataa na msaada uliobaki. Desemba tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Tuliurejesha uhusiano 1968, Ian Smith, kiongozi wa walowezi hao, akiwa bado madarakani. Kufunga ubalozi kulikuwa chombo tu, na chombo kisipofanya kazi hubadilishwa. Ukombozi wa kusini mwa Afrika hatukuuacha.

Kinachonisumbua ni Sahara Magharibi. Tuliitambua jamhuri ya watu wake, wanaopinga kutawaliwa na Moroko, 1978. Oktoba 2016 mfalme wa Moroko alikuja Dar es Salaam, mikataba mingi ikasainiwa, na Januari iliyofuata Moroko ikarudi Umoja wa Afrika. Kufanya biashara na Moroko si dhambi. Lakini mwananchi hakuwahi kuelezwa vizuri kipi katika msimamo wa 1978 bado kinasimama na kipi kimelegezwa. Kwenye Nile tulijua mstari uko wapi kwa sababu uliandikwa kwenye barua. Nchi isiyoandika mstari wake huusogeza kidogo kidogo bila hata kujua.

Narudi kwa wale wa kambi ya biashara, wanaoniuliza tumjali Mmisri kwa lipi ilhali maji yako kwetu. Mto Mara unaanzia Msitu wa Mau, Kenya. Unapita Serengeti, ambako nyumbu huutegemea wakati wa kiangazi, kisha unamwaga ziwani karibu na Musoma. Kenya imewahi kuwa na mpango wa kuchepusha maji ya Amala, kijito kinachoulisha. Kagera nayo inatufikia ikitokea Rwanda na Burundi. Kwa Misri sisi ni watu wa juu. Kwa Kenya, kwenye Mara, sisi ni watu wa chini. Tukishikilia kwamba wa juu hana wajibu wa kumwarifu wa chini, Nairobi itatusomea maneno yetu wenyewe.

Mkataba wa Entebbe unataka matumizi ya haki, kuepuka madhara makubwa kwa jirani, na kupeana taarifa za miradi. Misri haijajiunga, hivyo kisheria haitudai taarifa chini ya mkataba huo. Ningekuwa na sauti wizarani, kila mradi mkubwa mpya wa maji ya ziwa, wa Mwanza, Simiyu au Mara, barua yake ingefika Cairo na Khartoum kabla bomba halijalazwa, ikitaja ujazo na matumizi. Si kuomba ruhusa; hilo lilikwisha 1962. Na nakala ya barua hiyo ningeibeba siku ya kikao na Nairobi kuhusu Amala.